Bibi Haoni Vizuri: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Macho ya Uzeeni

Barua nyingi zilizotufikia safari hii kutoka mikoa ya Mtwara na Lindi zinahusu macho ya wazazi, na karibu zote zina maelezo yanayofanana: mwandishi anasimulia jinsi mzee wake anavyozidi kupoteza uwezo wa kuona, kisha anaongeza kwamba nyumbani wameshakubaliana kuwa huo ni uzee tu. Ni kweli kwamba umri huongeza hatari ya magonjwa ya macho, lakini magonjwa yenyewe ni tofauti sana. Yapo yanayoondolewa kwa upasuaji wa muda mfupi, yapo yanayozuiwa yasiendelee endapo yatawahiwa, na yapo ambayo mgonjwa asipofika hospitali mapema, alichopoteza hakirudi. Kwa sababu hiyo nimejibu baadhi ya barua kwa kirefu.

Shikamoo Daktari. Bibi yangu anakaribia miaka 75. Mwaka jana alitushangaza kwa kuanza kusoma msahafu bila ile miwani aliyoitumia miaka mingi, tukamshukuru Mungu. Sasa mboni ya jicho lake la kulia ina weupe, na kwa jicho la kushoto anasema anaona ukungu. Mchana wa jua kali hataki kutoka nje, lakini jioni anaona afadhali. Babu anasema mtoto wa jicho lazima akomae kwanza ndipo atolewe. Shangazi anasema ni salfa ya mikorosho. Tumepanga kusubiri fedha za korosho ndipo tumpeleke hospitali. Tunakosea? — Mjukuu, Newala

Marahaba. Dalili ulizozieleza zinaelekea sana kwenye mtoto wa jicho, ingawa atakayethibitisha ni mtaalamu atakayelimulika na kulipima jicho lenyewe. Nyuma ya mboni kuna lenzi ya asili, iliyo angavu, ambayo hukusanya mwanga na kuuelekeza kwenye retina, yaani ule utando wa ndani kabisa unaopokea picha. Kadiri miaka inavyopita, protini zilizomo ndani ya lenzi hiyo hubadilika na kushikamana, mwanga ukapita kwa shida, na mtu akaanza kuona ukungu. Kule kusoma bila miwani mlikokushangilia huenda kulikuwa dalili ya mwanzo, kwa maana kiini cha lenzi kinapokuwa kigumu huongeza nguvu ya kupinda mwanga, na mzee huona vizuri vitu vya karibu kwa kipindi fulani huku vya mbali vikififia. Jioni anapata nafuu kwa sababu mboni hupanuka penye mwanga hafifu na miali hupata njia pembeni mwa sehemu iliyochafuka. Jua la saa saba huibana mboni na kumwachia atazame kupitia uchafu wenyewe.

Salfa inayopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga huwasha macho, huyafanya mekundu na kutoa machozi, na wapulizaji wanapaswa kuvaa miwani ya kukinga na kunawa kwa maji safi mengi inapowaingia. Hata hivyo, mtoto wa jicho hasababishwi na salfa. Pamoja na umri, yanayochangia ni kisukari, uvutaji wa sigara, jua kali la miaka mingi, jeraha la jicho, na matumizi ya muda mrefu ya dawa za jamii ya steroidi, yakiwemo matone ambayo watu hujinunulia dukani kila macho yanapokuwa mekundu. Hilo la mwisho linanisikitisha kuliko yote, maana matone hayo hayo hupandisha pia presha ya macho.

Kuhusu kukomaa, babu anakumbuka ushauri uliokuwa na maana zama zake, wakati lenzi ilipotolewa nzima na mgonjwa akapewa miwani minene maisha yake yote. Mwaka 1949, daktari Harold Ridley wa London aliweka kwa mara ya kwanza lenzi ya bandia ndani ya jicho la binadamu, baada ya kugundua kwamba vipande vya plastiki ya ndege vilivyowaingia marubani machoni wakati wa Vita Kuu ya Pili vilikaa humo bila jicho kuvikataa. Leo upasuaji haungoji mtoto wa jicho akomae. Kipimo ni maisha ya bibi mwenyewe: akishindwa kusoma, kupika, kutembea peke yake au kutambua nyuso, wakati umefika. Kungoja mno kuna hasara, kwa kuwa lenzi iliyopitiliza huwa ngumu kuitoa, na wakati mwingine huvujisha majimaji yanayopandisha presha ya jicho kwa maumivu makali na kuharibu kabisa kile ambacho upasuaji ungekiokoa.

Mweleze bibi kitakachofanyika, kwa sababu wazee wengi huogopa wakiamini kwamba jicho hung'olewa, likasafishwa na kurudishwa. Jicho halitoki mahali pake. Atapimwa ili ijulikane lenzi ya nguvu gani itamfaa, atatiwa matone ya kupanua mboni, na jicho litapigwa ganzi huku yeye mwenyewe akiwa macho. Daktari hupasua tundu dogo, hutoa lenzi iliyochafuka na kuacha kifuko chake chembamba, kisha huweka lenzi ya bandia ndani ya kifuko hicho. Kwa kawaida kazi hiyo haifiki saa moja. Jicho hufunikwa na kufunguliwa kesho yake. Kwa wiki kadhaa atatumia matone, hatalifikicha jicho, hatabeba ndoo wala kuni, na atakaa mbali na moshi wa jikoni. Uwekundu ukiongezeka, maumivu yakizidi au uoni ukipungua baada ya kuwa umeanza kurudi, mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja tarehe ya kliniki.

Sasa fedha za korosho. Endapo mtaalamu atathibitisha kwamba tatizo ni mtoto wa jicho peke yake na hajapitiliza, kusubiri miezi michache hadi minada ifunguliwe kwa kawaida hakutampofusha. Kinachonitia wasiwasi ni kusubiri kupimwa, kwa sababu nyuma ya ukungu huo kunaweza kuwa na ugonjwa mwingine unaoendelea kula jicho kimya kimya. Jicho lililozibwa na mtoto wa jicho pekee huendelea kutambua mwanga; likishindwa kuona hata tochi iliyoelekezwa kwake, kuna tatizo jingine. Wakati mnajiandaa, asitiwe asali, maziwa ya mama wala maji ya majani yoyote. Hakuna tone linaloyeyusha mtoto wa jicho, na vimiminika hivyo huleta vidonda kwenye kioo cha mbele vinavyoacha kovu lisilofutika.

Shikamoo Daktari. Mjomba aliyenilea ana miaka 58, ni mvuvi hapa Mikindani. Kwenye kambi ya macho aliambiwa ana presha ya macho, akapewa matone ya kutumia kila siku. Yalipoisha hakununua mengine. Anasema hayakumfanya aone vizuri zaidi, jicho haliumi, na tayari anameza vidonge vya presha. Sisi wapwa zake tumweleze vipi mtu mzima? — Mpwa, Mikindani

Marahaba. Hoja za mjomba ni za mtu mwenye akili zake, na ndiyo maana zinahitaji kujibiwa moja moja kwa heshima.

Ndani ya jicho majimaji hutengenezwa na kuondolewa muda wote kupitia mifereji midogo sana. Mifereji hiyo inapoziba taratibu, majimaji hujaa mithili ya maji ya karo lenye bomba lililoziba, na shinikizo lake huukandamiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Shinikizo la kawaida huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, ingawa wapo wanaoharibikiwa hata likiwa ndani ya kiwango hicho, na ndiyo sababu daktari huutazama pia mshipa wenyewe. Presha ya damu ni ugonjwa mwingine, hupimwa mkononi, na vidonge vyake havichukui nafasi ya matone ya macho.

Jicho haliumi kwa sababu aina iliyo ya kawaida zaidi hapa kwetu haina maumivu. Huanza kula pembeni mwa upeo wa kuona, tena kidogo kidogo, na ubongo hujaza mapengo kwa picha za jicho la pili, hata mtu asijue kwamba amepoteza chochote. Mwambie mjomba afumbe jicho moja, atazame mbele bila kuligeuza lile jingine, nawe ulete mkono taratibu kutoka pembeni. Kisha mrudie kwa jicho la pili. Akigundua kwamba upande mmoja hauoni mkono mpaka ukaribie pua, atakuwa ameona kwa jicho lake mwenyewe kile ambacho maneno yako hayawezi kumwonyesha. Asipoona tofauti yoyote, bado hiyo si ruhusa ya kuacha dawa, kwa kuwa vipimo vya kliniki hunasa uharibifu mapema zaidi kuliko mkono.

Kuhusu kutoona nafuu, nadhani kosa lilikuwa letu watoa huduma: ilibidi aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba matone hayarudishi uoni uliopotea. Kazi yake ni kulinda uliobaki, na mvuvi ambaye bado anaona mwamba na ndoana ana mengi ya kulindwa. Matone hutumika kila siku kwa saa ile ile, na kwa wagonjwa wengi ni maisha yote. Avute kope ya chini, atie tone moja, afumbe macho na kubonyeza kona ya ndani karibu na pua kwa muda wa dakika 2, ili dawa ibaki jichoni badala ya kushukia kooni. Akiwa na dawa mbili, aache dakika 5 kati yake. Chupa ikishafunguliwa, kwa kawaida haitumiki zaidi ya wiki 4. Kama ana pumu, aseme kliniki, kwa sababu baadhi ya matone, hasa yaliyoandikwa timolol, yanaweza kumbana kifua. Ikiwa bei ndiyo kikwazo, alitamke hilo mbele ya daktari bila kuona haya. Zipo dawa za bei nafuu kuliko nyingine, na upo upasuaji wa kufungua njia ya majimaji kwa mgonjwa ambaye dawa zimemshinda.

Jambo jingine linakuhusu wewe kwa karibu. Ugonjwa huu hufuata ukoo, na ndugu wa damu wa mgonjwa wana hatari kubwa kuliko watu wengine. Ndugu huyo ni mama yako mzazi, dada yake mjomba. Apimwe mwaka huu, hata kama anaona vizuri kabisa, na watoto wa mjomba nao waanze kupimwa kabla au wanapofikisha miaka 40.

Daktari, mimi ni fundi cherehani, nina miaka 44. Siku hizi natunga uzi kwa kunyoosha mkono mbali. Wenzangu wananionya kwamba nikianza kuvaa miwani macho yatazoea na kuharibika zaidi. — Fundi, Masasi

Vaa miwani. Kuanzia takriban miaka 40 lenzi ya jicho hupoteza ulaini wa kujikunja ili ione karibu, na hali hiyo huendelea kwa kila mtu, mwenye miwani na asiye nayo. Miwani ya kusomea haiharibu jicho. Hata hivyo, kabla ya kununua iliyotundikwa sokoni, pima macho mara moja, kwa kuwa umri wako ndio umri ambao presha ya macho huanza kutafutwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Nachingwea, miaka 71. Nikisoma gazeti, mistari inapinda katikati na herufi zingine hazionekani. Pembeni naona vizuri. Stendi wanauza vidonge vya kusafisha macho. Nimeshanunua mara kadhaa. Je, niendelee? — Mwalimu mstaafu, Nachingwea

Shikamoo Mwalimu. Nakuomba fedha za vidonge uzifanye nauli ya kwenda kliniki ya macho wiki hii. Katikati ya retina kuna sehemu ndogo tunayoitumia kusomea na kutambua nyuso, na umri unaweza kuichakaza. Ugonjwa huo huonekana kwa wingi zaidi Ulaya kuliko kwetu, lakini upo, na kupinda kwa mistari ni miongoni mwa dalili zake zinazojulikana sana. Aina moja huitwa kavu na hwenda polepole kwa miaka. Nyingine huitwa ya majimaji, ambapo mishipa dhaifu ya damu huchipuka chini ya retina na kuvuja. Hiyo inaweza kufuta uoni wa katikati ndani ya wiki au miezi, na tiba yake ni sindano za dawa ndani ya jicho zinazorudiwa kwa vipindi kwenye hospitali kubwa zenye mabingwa wa retina. Sindano hizo hufaa zaidi zikianza kabla kovu halijajengeka. Wenye kisukari nao huweza kupata dalili kama yako kwa sababu nyingine, hivyo upimwe sukari pia.

Wakati unasubiri siku ya safari, chukua daftari la hesabu lenye miraba, weka nukta katikati ya ukurasa, vaa miwani yako ya kusomea, fumba jicho moja na uitazame nukta. Kipimo cha namna hiyo kilibuniwa na Marc Amsler, daktari wa macho wa Uswisi. Chora kwa penseli mahali mistari inapopinda au kupotea, fanya hivyo kwa kila jicho, na umpelekee daktari karatasi hiyo. Kama unavuta sigara, acha, kwa sababu katika mambo tunayoweza kuyabadili, hakuna linalouchochea ugonjwa huu kuliko tumbaku. Mchicha, kisamvu, matembele na samaki ni chakula chema kwa macho, lakini havitibu kilichokwisha kuharibika. Vipo virutubisho vilivyochunguzwa kisayansi vinavyopunguza kasi kwa baadhi ya wagonjwa wa hatua maalumu, na hupangwa na daktari baada ya kuiona retina. Anayepita na kikapu stendi hajaiona retina yako.

Shikamoo Daktari. Mama yangu ana miaka 80, hapa Tandahimba, na presha ya macho imemwachia uoni mdogo sana. Tangu mwezi wa Ramadhani anaona watoto wadogo wenye nguo za rangi wameketi kando ya mlango. Hawasemi kitu. Amenieleza mimi peke yangu, na anasema anajua kwamba hawapo. Majirani wakisikia watasema ni majini. Dada yangu ameshaanza kusema mama amechanganyikiwa. — Binti, Tandahimba

Marahaba, na mpe mama salamu zangu. Hali hii inafahamika kwa madaktari na huwapata watu wengi waliopoteza sehemu kubwa ya uoni, ila wengi hawaisemi. Mwaka 1760 msomi wa Uswisi, Charles Bonnet, aliandika habari za babu yake, Charles Lullin, mzee mwenye akili timamu ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, na ambaye aliona watu, ndege na majengo yasiyokuwepo. Jina la Bonnet ndilo linaloitambulisha hali hiyo hadi leo. Sehemu ya ubongo inayoshughulika na picha, inapokosa habari kutoka machoni, hutengeneza picha zake yenyewe. Huwa kimya, mara nyingi zina rangi na maelezo ya kina kuliko anavyoona vitu halisi, na mwenye kuziona huweza kutambua kwamba si za kweli. Hayo yote yamo katika barua yako.

Akili ya mama haijaharibika, na hili aambiwe waziwazi mbele ya dada yako. Picha zinapokuja, awashiwe taa ikiwa kuna giza, apepese macho, ayageuze kulia na kushoto, au ainuke abadilishe mahali. Kwa watu wengi hupungua kadiri muda unavyokwenda. Muone daktari mapema endapo anasikia sauti pia, anaamini watoto hao wapo na anazungumza nao, ana homa, anasahau siku na mahali, au hali imeanza baada ya kupewa dawa mpya, kwani hapo inatafutwa sababu nyingine. Kumpeleka kwa mganga kutamtisha, na mzee aliyetishwa hatakueleza tena kinachomsumbua, hata kikiwa maumivu ya jicho yanayohitaji dawa.

Kuna mengi ya kufanya nyumbani kwa uoni uliobaki. Chai ya rangi itiwe kwenye kikombe cheupe na wali uwekwe kwenye sahani ya rangi iliyokoza. Kingo za ngazi zipakwe chokaa. Fungeni kamba kutoka mlango wa nyuma hadi chooni. Viti na ndoo visihamishwe bila kumwambia, na kila aingiaye ajitaje jina badala ya kumuuliza, "Unanijua mimi nani?" Matone yake yaendelee; uoni mdogo alionao unategemea hayo.

Daktari, tuanzie wapi, na je, wazee wanalipa? Baba ana kisukari miaka mingi lakini anaona vizuri. — Msomaji, Ruangwa

Baba apimwe retina kila mwaka, pamoja na kuona kwake vizuri, kwa maana kisukari huharibu mishipa midogo ya jicho muda mrefu kabla mgonjwa hajahisi lolote, na wakati huo ndio tiba hufaa zaidi. Anzeni kituo cha afya kilicho karibu mpate barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya, au ya mkoa, ambayo kwa Lindi ni Sokoine na kwa Mtwara ni Ligula. Zipo pia hospitali za misheni za Nyangao na Ndanda. Pigeni simu kuuliza siku ya kliniki ya macho kabla ya kulipa nauli. Sera ya Serikali inawapa msamaha wa matibabu wazee wenye miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, katika vituo vya umma. Chukueni kitambulisho cha mzee au barua ya serikali ya kijiji, na muulize mapema kama msamaha huo unahusu lenzi na dawa zote.

Utaratibu huo ni wa hali isiyo ya dharura. Anayepoteza uoni ghafla, anayeona pazia jeusi likishuka au vimulimuli na vidoa vingi vikizuka kwa mpigo, na mwenye jicho jekundu linaloumia huku akitapika na kuona miduara kwenye taa, aende hospitali saa hiyo hiyo bila kungoja siku ya kliniki wala barua.

Beba dawa zake zote katika mfuko mmoja, matone na vidonge, miwani ya zamani, na kadi ya kisukari. Umsindikize wewe mwenyewe, kwa sababu matone ya kupanua mboni yatamfanya aone ukungu kwa saa kadhaa. Asirudi peke yake, asiendeshe pikipiki wala baiskeli siku hiyo, na avae kofia pana mtakapotoka nje.